Hilux yangu, boti ya futi 23 na mlima Nyang'oro

SWALI

Nahodha, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Iringa mjini. Nina miaka 46, fundi umeme wa majumbani, nina mke na watoto watatu. Gari langu ni Hilux ya mwaka 2001, kebini mbili, injini 5L, dizeli isiyo na tabo. Imetembea kilomita 380,000 na bado asubuhi inawaka bila kubembelezwa. Foo wili inaingia.

Mdogo wangu ana nyumba na kiduka huko Migoli, karibu na bwawa la Mtera. Kila nikishuka kumsalimia, kuna mvuvi hunichukua kwenye mtumbwi wake, tunakwenda kutega ndoano kwenye visiki. Sijui nikuelezeje, Nahodha. Wiki nzima nimeshinda kwenye madari ya watu nikivuta nyaya, halafu Jumamosi alfajiri niko juu ya maji, kimya, kambale anavuta mshipi. Nimeamua nataka boti yangu mwenyewe. Sitafuti biashara. Nipate kitoweo, kikizidi niwagawie majirani au niuze kidogo kurudisha mafuta.

Boti nimepata mbili. Ya kwanza iko Dar es Salaam, ya faiba, futi 23, ina mashine ya nguvu farasi 40 na trela lake la ekseli mbili. Mwenyewe anahama, anataka milioni 14 kwa vyote, na wanaojua wananiambia hiyo ni bei ya kutupa. Anasema boti tupu ina kilo 650. Trela halina breki. Ya pili iko Dodoma, faiba pia, futi 14, imekaa uani kwa mtu miaka kadhaa. Milioni 3 na nusu pamoja na trela dogo, haina mashine, ila mashine ya 15 iliyotumika nimeipata kwa milioni 3. Kwa macho haina mvuto kabisa. Rangi imepauka, inafanana na beseni la kuogeshea mtoto.

Shemeji yangu anasema nichukue kubwa. Kauli yake ni moja: "Hilux hii imebeba mahindi gunia 15 kutoka Pawaga, itashindwa boti?" Lakini mwezi uliopita tulipata mkasa ambao mke wangu ameusikia na sasa hataki kusikia neno boti. Rafiki wa shemeji alileta boti yake ya futi 16 Iringa kuzibwa nyufa, tukaombwa tuishushe Mtera. Tulipakia kila kitu humo ndani: mashine imefungwa nyuma, madumu mawili ya petroli, nanga, nyavu, vyote tukavisukuma nyuma kabisa ili mkia wa Hilux usilale. Tuliposhika mteremko wa Nyang'oro, nikiwa kwenye 80, trela likaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kila mara zaidi. Usukani ukawa mwepesi kama wa mchezo wa watoto. Shemeji akapiga kelele "kanyaga breki!", nikakanyaga, ndiyo ikawa mbaya zaidi. Tulivuka mpaka upande wa pili wa barabara. Kama kungekuwa na basi linapanda, usingeisoma barua hii. Trela lilitulia lenyewe tulipofika penye tambarare kidogo. Tulikaa pembeni nusu saa hatusemi.

Mama Neema anasema nataka kununua jeneza linaloelea. Anauliza pia kwa nini nisinunue perege wa Mtera pale darajani kama watu wengine wote.

Naomba uniambie: nichukue boti ipi, je gari langu linaweza, na ile tikisa tikisa ilitokana na nini?

Baba Neema, Iringa


JIBU

Marahaba, Baba Neema. Na pole kwa mshtuko. Nusu saa ya kukaa kimya kando ya barabara naijua, nimewahi kuikaa mara mbili.

Nianze na swali la mwisho, maana majibu ya mengine yamo humo.

Trela lenu lilitikisa kwa sababu mlilipakia nyuma. Mliona huruma kwa springi za Hilux, mkaona nyuma ya gari isilale, mkasukuma mzigo mkiani. Trela dogo la boti lina ekseli moja katikati kama mizani ya kubembea. Ukitia uzito nyuma ya ekseli, pua ya trela inanyanyuka, inaacha kukandamiza kile kipira cha chuma nyuma ya gari na kuanza kukivuta juu. Hapo matairi ya nyuma ya gari yanapungukiwa na uzito, nalo trela linakuwa na mkia mzito ambao upepo mdogo tu, tuta, au kona, unautosha kuanza kucheza. Mteremko unaongeza mwendo, na mwendo unaongeza mchezo. Ukikanyaga breki za gari wakati trela halina breki zake, gari linapunguza, trela linakuja na nguvu zake zilezile kwa nyuma, linasukuma mkia wa gari kando. Ndiyo maana ushauri wa shemeji ulizidisha ubaya. Trela likianza kucheza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka usijaribu kulifukuza, liache gari lipungue lenyewe. Inahitaji moyo, najua. Lakini lililokuokoeni ile siku lilikuwa hilohilo: tambarare ilipunguza mwendo, mchezo ukafa.

Dawa yake inapatikana kwa mnunuzi yeyote wa mahindi. Ile mizani ya chini ya kupimia gunia, iazime dakika kumi. Trela likiwa limepakiwa vyote kama litakavyosafiri, limesimama sawa bila kuinama, kata kipande cha mbao chenye urefu wa kutoka kwenye mizani mpaka chini ya pua ya trela, ilaze pua juu yake, usome. Kwa boti ndogo unataka pua ikandamize takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela zima. Trela na mzigo wake ni kilo 400? Pua isome karibu 40. Ikisoma 10, usiondoke. Ikisoma 90, nayo mbaya, gari litainua uso na usukani utakuwa mwepesi kwa sababu nyingine. Unasogeza mzigo mbele au nyuma mpaka namba ikubali, na ikibidi unasogeza boti yenyewe kwenye trela na kulihamisha lile nguzo la mbele lenye winchi. Mimi huweka alama ya rangi pale boti inapokaa sawa, ili safari ijayo nisianze upya.

Sasa, je Hilux yako inaweza? Shemeji anajibu swali la kubeba, na wewe umeuliza la kuvuta. Gunia 15 zinakaa juu ya ekseli ya gari, zinakandamiza matairi yaleyale yenye breki. Trela ni mzigo ulio nje ya gari. Hausaidii breki zako hata chembe.

Tuipime ile ya futi 23 kwa kalamu. Boti tupu kilo 650 kwa maneno ya muuzaji, na maneno ya muuzaji wa boti huwa mepesi kuliko boti. Mashine ya 40 inakaribia 75. Petroli lita 100, ambayo lita moja ina robo tatu ya kilo hivi, ni 75 nyingine. Nanga, kamba, sanduku la barafu, nyavu, tuseme 100. Trela la chuma la ekseli mbili halipungui 400. Umefika kilo 1,300, na Hilux yenyewe ikiwa tupu haifiki tani mbili. Kuivuta kwenye tambarare, itavuta. Ile 5L ni ng'ombe, haina haraka lakini haikatai. Tatizo ni kuisimamisha. Ulaya na Australia, trela lisilo na breki zake mwenyewe halitakiwi kuzidi kilo 750, hata gari linalolivuta liwe kubwa vipi. Wameshazika watu wa kutosha kufikia namba hiyo. Lako lingekuwa karibu mara mbili yake, kwenye mlima Kitonga wakati wa kulileta kutoka Dar na kwenye Nyang'oro kila wikiendi.

Kupanda nako kuna hesabu yake. Kutoka Mtera mpaka Iringa unapanda zaidi ya mita 800. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila inapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi, na Iringa iko kwenye mita 1,500 na ushee. Kwa hiyo pale unapohitaji nguvu zaidi ndipo gari linapokuwa nazo kidogo. Rejeta ya gari lenye kilomita 380,000, klachi iliyozeeka, tani moja na ushee nyuma, jua la saa nane mchana. Boti hiyo ingemletea kipato fundi magari, si wewe kitoweo.

Na hata tukisahau barabara, boti ya futi 23 ya Mtera ni ya nini? Wewe unatega ndoano kwenye visiki na watu wawili watatu. Ukiingia pale kwenye miti iliyokufa ndani ya maji na boti ndefu yenye mashine ya 40, utapasua propela kabla ya kupata kambale wa kwanza. Boti hiyo ni ya mtu anayevua baharini mbali na pwani. Mimi nimekulia Kilwa, naijua raha yake, na ningeinunua mwenyewe kwa bei hiyo kama ningekuwa na bahari mlangoni.

Chukua beseni la kuogeshea mtoto.

Hesabu yake: boti ya futi 14 ya faiba kwa kawaida haizidi kilo 200, trela lake dogo kama 180, nanga, makasia na majaketi ya kujiokolea 40. Mashine ya 15 ni kilo 37 au 40 hivi, hiyo usiiache imefungwa nyuma ya boti. Ifungue, wanaume wawili wanaibeba, ilaze kwenye karai la nyuma la Hilux juu ya tairi la zamani. Angalia kibandiko chake kinasema ilale upande gani, na kichwa kisiwe chini kuliko mguu, maji yaliyobaki mguuni yasije yakaingia kwenye silinda. Petroli nayo ipande Hilux. Trela linabaki na kilo 420 au chini yake, na hizo Hilux yako itazivuta huku inapiga mluzi.

Lakini kabla ya kumpa mtu wa Dodoma fedha, ikague. Boti iliyokaa uani miaka kadhaa huozea ndani, nje ikiwa nzima. Pale nyuma inapofungwa mashine, ndani ya faiba mafundi wengi huweka ubao. Maji yakipenya kwenye tundu la skrubu moja tu lisilozibwa, ubao ule unaoza polepole kama ugali uliosahaulika, na wewe huoni kitu. Chukua sarafu ya shilingi 200, gonga kuanzia ukingo mmoja mpaka mwingine, sentimita kwa sentimita. Palipo pazima panajibu kwa mlio mkavu. Palipooza panajibu kwa mlio uliokufa, kama kugonga papai bivu. Halafu shika juu ya ubao huo kwa mikono miwili, uvute na kuusukuma kwa nguvu zako zote. Ukicheza, au ukiona nyufa za nywele kwenye kona zake, toa milioni moja kwenye bei kisha ukatengeneze, au ondoka. Mashine ya 15 ikiwa inasukuma kwa nguvu zote juu ya ubao mbovu itakuja kuzama peke yake siku moja, na nyuma ya boti ikiwa imeifuata.

Kitu kingine cha kupima ni uzito wenyewe. Waombe vijana wanne waiinue. Boti ya futi 14 ambayo wanne wanaiinua kwa kuguna sana imekunywa maji mahali, aghalabu kwenye lile povu la chini ya sakafu. Rangi iliyopauka isikusumbue hata kidogo. Hiyo ni jua tu.

Katika barua yako kuna neno ulilolitaja halafu ukalipita: una mdogo wako Migoli.

Baba Neema, kwa nini boti ilale Iringa? Boti ya Dodoma inashuka Mtera kwa barabara ya kaskazini, inapita juu ya bwawa pale kwenye ukuta wa TANESCO, inafika Migoli bila kuiona Nyang'oro. Ikifika, ikae kwa mdogo wako. Igeuzwe kifudifudi juu ya magogo, ifunikwe turubai lisilogusa faiba pande zote ili hewa ipite, ifungwe mnyororo. Wewe Jumamosi unashuka na Hilux nyepesi, mashine na tangi la petroli ukiwa nayo karaini, jioni unapanda navyo nyumbani. Kinachoibwa mwaloni ni mashine, na yako italala stoo kwako. Boti tupu yenye sura hiyo hakuna atakayeitamani.

Trela bado utalihitaji, na hapa ndipo Mtera inapotofautiana na mabwawa mengine. Kina cha Mtera kinapanda na kushuka kwa mvua na kwa mitambo ya umeme: likijaa kabisa maji yako kwenye mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na mitambo inaruhusiwa kuyashusha mpaka mita 690. Mita nane na nusu zinaweza kuonekana kidogo. Lakini kingo za Mtera ni bapa kama sahani, kwa hiyo kila mita inayoshuka maji yanarudi nyuma mbali sana. Pale ulipoingizia boti mwezi Mei, mwezi Novemba utakuta mbuzi wanachunga na maji yanamemeta kule mbele. Trela ni la safari hiyo ya kutoka kwa mdogo wako mpaka maji yalipo siku hiyo, kwa mwendo wa kutembea kwa miguu, foo wili ikiwa imeingia. Tope la ukingoni linadanganya. Limekauka juu, chini ni uji. Usilipeleke gari mpaka majini. Lisimamishe penye ardhi ngumu, mfungue trela, mlisukume kwa mikono, au mbingirishe boti juu ya magogo matatu. Kilo 200, watu wanne, ni kazi ya dakika tano. Gari lililozama tope Mtera ni kazi ya siku nzima na trekta la mtu.

Njia ya Dodoma kwenda Migoli bado ni safari, kwa hiyo yafuatayo uyafanye hata kama ni mara moja tu.

Trela likiwa limekaa miaka kadhaa, usilivute hata mita mia bila kufungua magurudumu. Beringi zitolewe, zioshwe kwa dizeli, zitazamwe, zipakwe grisi mpya, sili mpya. Ni kazi ya nusu siku na fedha ndogo, na ndiyo inayowaacha watu wengi kando ya barabara gurudumu likiwa limetangulia mbele. Tairi za trela dogo zinapasuka kwa jua kabla ya kuisha kashata, zikunje kwa kidole uone kama zina nyufa. Beba gurudumu la akiba, na ujaribu nyumbani kama spana yako inaingia kwenye nati zake, maana matrela yetu haya ya kuchomelea yamefungwa ekseli za magari tofauti na nati zake haziulizi gari lako ni aina gani. Trela nalo husajiliwa na kuwa na namba yake, hivyo dai karatasi zake pamoja na za boti. Taa za nyuma ziwake. Mnyororo wa usalama upite chini ya kiungio kwa kukatana kama herufi X, ili pua ikichomoka idakwe isichimbe lami. Boti ifungwe mbele kwa winchi na nyuma kwa mikanda miwili inayoshuka kwenye chuma cha trela. Winchi peke yake haishikilii boti, inaizuia tu isirudi nyuma.

Mwendo, kilomita 70 unatosha. Kwenye matuta, na barabara yetu haina umaskini wa matuta, punguza mpaka karibu usimame. Gari lina shokabzoba, trela lako halina. Gari likishavuka tuta wewe unasahau, unakanyaga mafuta, na hapo ndipo trela linaporuka na kutua na boti yako. Simama baada ya kilomita 20 za kwanza, shika kati ya kila gurudumu la trela kwa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Likikuunguza mpaka utoe mkono, beringi imebana.

Ukija kulazimika kuipitisha Nyang'oro siku moja, labda kwa matengenezo, kwenye kushuka ingiza gia ya chini kabla mteremko haujaanza, ya tatu, na ya pili penye kona, uiache injini ndiyo ishike. Breki zikanyage kwa muda mfupi, uziachie zipoe. Anayeshikilia breki mfululizo kutoka juu anafika katikati pedali ikiwa laini kama mto. Na kupanda, toka Migoli alfajiri au jioni, si saa nane.

Jambo moja la beringi ambalo wengi hawalijui. Baada ya safari ndefu, kitovu cha gurudumu kina joto, na hewa iliyomo ndani imetanuka. Ukikizamisha hapohapo kwenye maji baridi, hewa inasinyaa na kufyonza maji kupitia sili. Grisi inageuka maziwa, na wiki mbili baadaye beringi inalia. Ukifika, agiza chai kwa mdogo wako. Kunywa taratibu.

Leseni: yako ya uvuvi na ya chombo, anza na afisa uvuvi wa halmashauri, na ujitambulishe kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kabla hujaingiza kitu majini. Uliza kama kuna kipindi cha kufunga uvuvi, na ndoano au nyavu zipi zinaruhusiwa. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, usiziguse hata ukipewa bure.

Juu ya maji nadhani yule mvuvi wako wa mtumbwi ameshakufundisha zaidi ya nitakavyokufundisha mimi. Upepo wa mchana unapiga Mtera vibaya na boti ya futi 14 ni boti ya asubuhi. Viboko wapo, mamba wapo. Watu watatu, basi, na wa nne abaki akinywa chai. Propela ya akiba iwemo botini, na makasia mawili, kwa ajili ya visiki. Mvuvi yule mchukue nawe safari za mwanzo, umlipe. Anavijua visiki kwa majina.

Sasa Mama Neema. Umeniandikia kama vile yeye ndiye kikwazo, lakini nikiisoma barua mara ya pili naona ndiye pekee kati yenu watatu aliyeuliza swali la fedha. Perege wa darajani ni rahisi kuliko wako, tukubaliane. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 200, tuseme lita 20 za dizeli. Mashine ya 15 yenye kuchanganya oili na petroli ikisukumwa mpaka mwisho inakunywa lita sita au saba kwa saa, ukienda polepole ni pungufu sana ya hapo. Kwa fedha hizo pale darajani unarudi na ndoo. Usimwambie boti itajilipa, maana ataihesabu na atakuumbua. Mwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi, kuhusu madari na nyaya na alfajiri. Na mwambie umeacha ile ya milioni 14 ukachukua ya milioni 6 na nusu, boti haitapita Nyang'oro, na majaketi ya kujiokolea utayanunua kabla ya ndoano. Akayachague mwenyewe, moja likiwa la saizi ya Neema.

Shemeji mpe kazi ya kusukuma trela topeni.

Limebaki dogo. Nyuma ya boti, chini kabisa, kuna tundu la kumwagia maji ya mvua, lina kizibo. Boti ikiwa nchi kavu kizibo kinatolewa. Mwaka mmoja niliingiza boti majini mbele ya wageni, nikawasha mashine, nikaondoka kwa madaha, na nikiwa mita hamsini mmoja wao akaniuliza kwa heshima kama ni kawaida viatu kuelea. Tangu siku hiyo kizibo changu kikitolewa kinafungwa kwa uzi kwenye ufunguo wa gari. Siwezi kuufunga mlango wa gari na kwenda majini bila kukishika mkononi.